Hayati Hukwe Zawose: Mgogo Aliyeipeleka Ilimba Kwenye Mitambo ya Umeme



Ndugu Mhariri aliponiomba niandike katika toleo hili la mkutano wetu habari za maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki, nilijua kwamba wengi wangetazamia nimchague kiongozi wa nchi, au mwanasayansi, au mwanariadha. Mimi nimemchagua mpigaji wa ilimba. Ninazo sababu mbili. Ya kwanza ni kazi yake, ambayo nitaieleza kwa kirefu. Ya pili ni deni langu mwenyewe, ambalo limeanzia hapa hapa Buzuruga, na ambalo naona ni vema nilitaje mwanzoni ili msomaji ajue ninazungumza nikiwa upande gani.

Mwaka 1996 nilikuwa Kidato cha Pili. Katikati ya mwaka alihamia darasani kwetu kijana mmoja kutoka Dodoma, ambaye baba yake alikuwa mtumishi wa Reli. Alikuwa mpole, mwenye lafudhi ya Kigogo, nasi tuliokulia Nyakato, Mahina na Igoma tulimwona kituko. Wakati wa mapumziko alikaa chini ya mwembe, akatoa katika mkoba wake kisanduku cha mbao chenye vyuma vyembamba juu yake, akavibonyeza kwa vidole gumba. Tulicheka. Tulikiita kibati cha ombaomba, kwa sababu tulikuwa tumesikia habari za Wagogo wanaokwenda kuomba mijini wakati wa njaa, na mtoto hupenda kumcheka mtu kwa shida ambayo yeye mwenyewe haijamfika. Siku moja nilikinyakua kile kisanduku, na kwa kutaka kuwafurahisha wenzangu nikakiinua chuma kimoja kwa ncha ya rula mpaka kikapinda. Kilipoguswa tena hakikulia. Yule mwenzetu alikichukua chombo chake, akakifunga katika mkoba, wala hakumshitakia mwalimu. Hakukileta tena shuleni mpaka alipohama.

Hayo nayataja kwa sababu mwaka uleule wa 1996, kule Uingereza, kampuni ya Real World ilitoa santuri iitwayo Chibite, ambayo ndani yake ilimba ya Mgogo inalia. Mpigaji wake alikuwa Hukwe Zawose. Watu wa Ulaya walinunua kwa fedha zao kitu kile kile ambacho mimi nilikivunja bure.

KUZALIWA NA MALEZI

Hukwe Ubi Zawose alizaliwa mwaka 1938 katika kijiji cha Doduma, katika nchi ya Wagogo, Tanganyika ya Kati. Ninyi mnaokaa kando ya Ziwa Victoria, ambako maji yanaonekana hata mtu akipanda tu juu ya jiwe, ni vigumu kuipata picha ya nchi ile. Mvua zake ni chache na hunyesha kwa msimu mmoja tu; baada yake ardhi hukauka, ikawa na rangi ya kahawia kwa miezi mingi. Watu hulima mtama na uwele, na hufuga ng'ombe. Utajiri wa Mgogo ulikuwa katika zizi lake na katika koo lake, maana Wagogo ni waimbaji kuliko makabila mengi ya nchi yetu.

Kama ilivyokuwa kwa watoto wengi wa Kigogo, Hukwe alichunga mifugo, na sanaa ya kupiga aliipata kwa baba yake. Hakuwa na shule ya muziki. Alijifunza kwa kukaa karibu na mkubwa, kutazama vidole, na kujaribu. Vyombo vikuu alivyovikuta vilikuwa viwili: zeze, ambalo lina kibuyu na nyuzi na hupigwa kwa upinde, na ilimba, ambayo nitaieleza hivi punde. Kando ya hivyo ilikuwako ngoma ya wanawake iitwayo muheme, ambayo kwa desturi ya Kigogo hupigwa na akina mama.

Uimbaji wa Wagogo una jambo moja ambalo ni lazima lifahamike, vinginevyo maisha ya Mzee Zawose hayataeleweka. Wanafunzi wa Fizikia watanifahamu upesi. Uzi uliokazwa ukiguswa hautoi mlio mmoja tu. Ndani ya mlio ule mkuu mna milio midogo iliyopangika kama ngazi: wenye mitetemo mara mbili ya ule mkuu, mara tatu, mara nne, na kuendelea. Wataalamu waliouchunguza muziki wa Wagogo, akiwamo Gerhard Kubik wa Austria, wameeleza kwamba mfumo wa sauti zao umejengwa juu ya ngazi hiyo ya asili, hasa kuanzia mlio wa nne hadi wa tisa au wa kumi. Sasa basi, mlio wa saba katika ngazi hiyo haumo kabisa katika kinanda cha Kizungu. Uko chini kidogo ya ule wa kinanda ulio karibu nao. Mtu ambaye sikio lake limelelewa na kinanda cha kanisani akimsikia Mgogo akiimba, hudhani kwamba Mgogo amepotoka. Mgogo hakupotoka. Yeye amefuata uzi wenyewe unavyolia, na kinanda ndicho kilichosogezwa na mafundi wake ili kiweze kupiga nyimbo za namna nyingi.

Naomba msomaji aliweke jambo hili akilini. Litarudi tutakapofika kwenye mitambo ya umeme.

CHOMBO CHENYEWE

Ilimba ni sanduku la mbao lenye uwazi ndani. Juu yake hupangwa vyuma vyembamba, vingine virefu na vingine vifupi, vikabanwa kwa kiungo. Chuma kirefu hutoa sauti nene, kifupi hutoa sauti nyembamba. Mpigaji huvibonyeza kwa vidole gumba na kuviachia. Katika nchi yetu makabila mengi yana chombo cha jamii hii. Wengine hukiita malimba, wengine marimba. Lakini ilimba ya Kigogo ina mambo mawili ya pekee.

La kwanza ni kwamba si vyuma vyote vinavyopigwa. Vingine hukaa tu kandoni, vimepatanishwa na vile vya katikati. Kile cha katikati kikilia, vya kandoni navyo huitikia bila kuguswa. Ndiyo maana ilimba moja husikika kama kwamba wapigaji ni wengi. La pili ni kwamba katika ubao wake hutobolewa matundu, yakafunikwa kwa ule utando mweupe ambao buibui hufunikia mayai yake. Sauti ikipita hapo hutetemesha utando, ukatoa mvumo kama wa nyuki. Mtu asiyejua hudhani chombo kimeharibika. Kumbe ule mvumo umewekwa kwa makusudi, na ilimba isiyovuma Mgogo huiona haijakamilika.

Hapo ndipo Zawose alipoanza kuonyesha kwamba hakuwa mwigaji tu. Alizikuta ilimba za kiasi, akaziongeza. Aliunda ilimba kubwa zenye vyuma zaidi ya sitini. Mazeze nayo aliyaongezea nyuzi kuliko yale ya zamani. Aliyafanya hayo kwa mkono wake, kwa mbao, waya, chuma na ngozi, kabla hajaona studio yoyote. Kwa hiyo si kweli, kama wengine wanavyodhani, kwamba mambo mapya katika muziki wake yaliletwa na Wazungu. Alikuwa mtu wa mambo mapya tangu alipokuwa kwao.

Sauti yake ya kuimba ilikuwa ajabu nyingine. Iliweza kushuka chini hadi kifuani, kisha bila kutua ikapanda juu mpaka ukadhani ni mtoto au mwanamke anayeitikia kutoka mbali. Kwa desturi ya muziki huo, mpigaji huuzungusha mpango mmoja wa vidole mara nyingi, lakini kila mzunguko huwa na badiliko dogo: neno limeongezwa, chuma kimoja kimecheleweshwa, sauti imepandishwa. Wimbo haukuwa umeandikwa mahali popote. Alioimba asubuhi hakuurudia jioni vilevile. Wazungu wana jina lao kwa upigaji wa namna hiyo na wanaufundisha vyuoni; kwa Mgogo ni kupiga tu.

KUITWA DAR ES SALAAM

Uhuru ulipopatikana, Serikali ilijiuliza swali kuhusu utamaduni. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya kuwa Rais mwezi Desemba 1962, alisikitika kwamba watu waliosoma walikuwa wamefundishwa ngoma za kigeni na kuona haya kwa zile za kwao, akatangaza Wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa na vijana. Katika mkondo huo huo ndipo Mwalimu alipomwalika Hukwe Zawose aje akae na kufanya kazi Dar es Salaam. Mchunga ng'ombe wa Doduma akawa msanii wa taifa.

Ni vema kuupima uzito wa jambo hilo. Katika miaka ile mtumishi wa Serikali alikuwa ni karani, mwalimu, mganga, askari, bwana shamba. Kwamba mtu aajiriwe kwa sababu ya vidole vyake viwili vya gumba lilikuwa jambo geni. Mimi ni mtumishi wa Serikali, na ninajua jinsi ilivyo vigumu kuliingiza katika makadirio ya fedha jambo ambalo faida yake haihesabiki kwa magunia. Lakini wakati ule lilifanyika.

Baadaye makao yake yalikuwa Bagamoyo. Huko ndiko kilikofunguliwa Chuo cha Sanaa mwaka 1981, ambacho tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Mzee Zawose alifundisha huko, na nyumbani kwake palikuwa shule nyingine, maana ukoo wake ulikuwa mkubwa na watoto walilelewa katikati ya ilimba, mazeze na ngoma. Kwa njia hiyo muziki wa nchi kavu ya Ugogo ulipata maskani mapya pwani, chini ya minazi, kati ya Waswahili na Wazaramo, nao haukuyeyuka.

NCHI ZA NJE

Katikati ya miaka ya 1980 sauti yake ilianza kutoka nje ya mipaka. Mwaka 1985 kampuni ndogo ya Uingereza iitwayo Triple Earth ilitoa santuri ya Tanzania Yetu, na baada yake Mateso. Alisafiri na wenzake wachache, wakipanda jukwaani bila gitaa, bila tarumbeta, bila kinanda. Waingereza waliokuja kusikia muziki wa Afrika wakitazamia magitaa ya Kikongo walikutana na wanaume waliokaa na visanduku vya mbao mapajani. Wajapani nao walimrekodi. Kisha ikaja Chibite ya 1996, ambayo nimekwisha kuitaja. Kampuni ya Real World iliyoitoa ilianzishwa na mwimbaji Peter Gabriel, na studio zake ziko katika kijiji cha Box, kusini-magharibi ya Uingereza.

Je, hapa nyumbani alijulikana kiasi hicho? Methali yetu husema mcheza kwao hutunzwa. Mimi niliyekuwa kijana wa miaka ile nashuhudia kwamba jina lake niliwahi kulisikia katika redio ya baba yangu, na sikulijali. Tuliyajua majina ya wapiga magitaa wa bendi za Dar es Salaam, na ya Wakongo ndiyo tuliyajua zaidi. Ilimba ilipolia redioni tulingoja iishe. Sisemi kwamba taifa zima lilikuwa hivyo. Najisemea mimi na wenzangu wa kibaraza chetu.

ILIMBA NA UMEME

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Mwaka 2002 ilitoka santuri ya Assembly, ambayo Zawose aliifanya pamoja na Michael Brook, Mkanada mpigaji wa gitaa. Huyu Brook si mpigaji wa kawaida. Aliunda gitaa ambalo uzi wake ukiguswa haufifii. Umeme huurudishia mtetemo, mlio ukaendelea kadiri mpigaji anavyotaka. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi na Nusrat Fateh Ali Khan, mwimbaji mkubwa wa kawali wa Pakistan. Kwa hiyo Mgogo wa Doduma aliyezidisha vyuma vya ilimba alikutana na Mkanada aliyerefusha mlio wa gitaa. Wote wawili walikuwa mafundi wa vyombo vyao wenyewe.

Kabla sijaisema santuri hiyo, niwakumbushe wanafunzi kwamba kukutanisha mpigaji wa peke yake na mitambo ya umeme halikuwa jambo jipya duniani. Mwaka 1944, mjini Cairo, kijana Mmisri Halim El-Dabh alirekodi nyimbo za wanawake wa zaar kwa mashine ya waya, kisha akaichezea sauti ile kwa mitambo mpaka ikawa kazi mpya. Wengi huihesabu kuwa miongoni mwa kazi za kwanza kabisa za aina hiyo, nayo ilifanyika katika Afrika. Mwaka 1952 Mwitaliano Bruno Maderna alitunga muziki wa filimbi pamoja na tepu, na mpiga filimbi Severino Gazzelloni akaupiga kule Darmstadt, Ujerumani. Tangu hapo wapigaji wa filimbi, klarineti na saksafoni wameingia mmoja mmoja katika mashindano hayo. Swali lao wote ni moja: mtu anapolia pamoja na mtambo usiochoka wala kukata pumzi, nani atamfuata mwenzake?

Kwa Zawose swali hilo lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu ya ile ngazi ya sauti niliyoitaja. Vinanda vya umeme kwa kawaida hupangwa kama kinanda cha Kizungu. Mlio wa saba wa Mgogo haumo ndani yake. Mtambo wa kupiga mapigo nao hurudia pigo lake sawasawa, bila kuchelewesha hata nukta moja, wakati ladha ya ilimba imo katika kule kuchelewesha. Mtu mwingine angesalimu amri. Angeambiwa akaze vyuma vyake vifuate kinanda, naye angevikaza, apate fedha yake arudi nyumbani, na santuri ingekuwa kama nyingine nyingi ambamo Mwafrika ametiwa kama chumvi katika chakula cha mtu mwingine.

Nimeisikiliza Assembly mara nyingi, nami natoa maoni yangu kama msikilizaji asiye mtaalamu. Ziko sehemu ambamo mitambo imezidi, na ilimba inasikika kwa mbali kama mtu anayezungumza nyuma ya ukuta. Lakini kila mara sauti ya mzee inapoingia, mambo hubadilika. Haimngoji mtambo. Inapanda mahali ilipozoea kupanda, katika ngazi yake ya Kigogo, na yale magitaa ya umeme yanajikunja kuizunguka. Mvumo wa utando wa buibui, ambao fundi mwingine wa studio angeuondoa akidhani ni uchafu wa tepu, umebaki na umekaribiana sana na mivumo ya mitambo, hata pengine sikio langu halitambui upi ni wa buibui na upi ni wa waya. Hapo ndipo nilipoelewa. Wagogo walikuwa na mlio wa kutetemesha na wa kuitikiana ndani ya sanduku la mbao tangu enzi za mababu. Kile ambacho wengine walikitafuta kwa umeme, wao walikuwa wamekipata kwa buibui. Zawose hakuingia katika studio ile kama mgeni.

Mwaka huo huo wa 2002 alikwenda Amerika ya Kaskazini katika ziara ya Peter Gabriel, pamoja na Charles Zawose wa ukoo wake. Walipiga katika kumbi kubwa za mijini, mbele ya watu waliokuwa wamekuja kumwona mtu mwingine. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minne.

MWISHO WA SAFARI

Hukwe Zawose alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003, akiwa na miaka 65. Nilikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu, niko likizo hapa Mwanza. Habari ile niliisikia redioni tukiwa mezani. Nakumbuka niliendelea kula.

Kilichonigeuza kilikuja miaka mingi baadaye. Serikali ilipohamia Dodoma, nami nilikuwa miongoni mwa watumishi waliohamishwa, mwaka 2017. Nilifika nikiwa na manung'uniko ya mtu wa ziwani aliyetupwa nchi kavu. Jioni moja mwenzangu wa ofisini alikuwa akisikiliza muziki ndani ya gari lake, nikamwuliza ni nini. Ilikuwa Chibite. Sikuitambua kwa jina, lakini vidole vile nilivitambua. Nilikuwa nimevisikia chini ya mwembe, Buzuruga, mwaka 1996. Nilikaa ndani ya gari lile mpaka santuri ikaisha, na mwenzangu alidhani nimepata habari mbaya kutoka nyumbani.

Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia. Nimefika Bagamoyo kwa kazi, nikatenga siku yangu moja ya kusikiliza. Nimeona kwamba kazi ya mzee haikuzikwa naye. Mwanawe Msafiri Zawose amechanganya ilimba na mitambo ya kisasa kwa namna yake mwenyewe. Mwaka 2017 alitoa Uhamiaji. Na mwaka 2024 wanawake wawili wa ukoo huo, Pendo na Leah Zawose, walitoa Maisha kwa kampuni ile ile ya Real World. Zamani wanawake wa ukoo walikuwa waitikiaji na wapigaji wa muheme nyuma ya wanaume. Sasa wamesimama mbele, na ilimba wanazishika wao. Nadhani mzee aliyeongeza vyuma katika chombo cha baba yake asingeliona hilo kuwa jambo la ajabu.

YATUPASAYO

Ndugu zangu, sipendi kumaliza kwa mahubiri. Nasema mambo matatu tu.

Kwanza, kwa wanafunzi. Wengi wenu mnatengeneza muziki kwa simu na kompyuta, na mimi si miongoni mwa wazee wanaowagombeza kwa hilo. Mzee Zawose hakuuogopa umeme. Lakini aliuendea akiwa na kitu mkononi. Mtambo humrudishia mtu alichouingizia. Aliyekuja mikono mitupu hurudi na mlio wa mtambo peke yake. Hapa kwetu mtu akishika barabara ya Musoma kutoka Buzuruga, mwendo si mrefu atafika Kisesa, na hapo Bujora kuna makumbusho ya Wasukuma yenye ngoma zetu. Kuna bagika na bagalu ambao walishindana kwa ngoma tangu kabla ya babu zetu. Nendeni mkasikilize kabla hamjafungua programu zenu.

Pili, kwa wahitimu. Tumezoea katika mikutano yetu kuchangia madawati, vitabu na matangi ya maji, na ni haki. Mwaka huu nimenunua kwa fundi mmoja wa Dodoma ilimba moja ya kiasi, yenye utando wake na mvumo wake, nami nitaikabidhi kwa Mkuu wa Shule siku ya mkutano. Naomba atakayeweza atafute mwalimu wa kuifundisha, na Msukuma mwenzangu atakayejaliwa alete chombo cha kwetu kikae karibu nayo. Chombo kisichopigwa ni kuni.

Tatu, ni kwa mtu mmoja. Mwenzetu uliyetoka Dodoma, jina lako sikulitaja hapa kwa sababu huenda hupendi kukumbushwa. Mimi ndiye niliyekipinda kile chuma. Wewe ulijua, darasa zima lilijua, na sikuwahi kukuambia neno. Nimechelewa miaka karibu thelathini. Nimejifunza tangu hapo kwamba chuma cha ilimba kikipinda, fundi hukirudisha na kukipatanisha upya na wenzake, na kazi hiyo huchukua nusu saa. Ningeweza kuifanya siku ile ile kama ningekuuliza namna.

Ikiwa toleo hili litakufikia, karibu siku ya mkutano. Ilimba itakuwa mezani, na ningependa uwe mtu wa kwanza kuipiga. Na yeyote miongoni mwenu anayejua mwenzetu huyu yuko wapi siku hizi, ninamwomba amwarifu Katibu wa Chama chetu, naye atanipa habari.

Mwenyezi Mungu ailaze roho ya hayati Hukwe Ubi Zawose mahali pema. Amina.